Mimi na Mkwe Wangu Chini ya Bati Moja

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, nitakueleza kwa ufupi. Mume wangu Bernado alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu, akaoa hukohuko, akanyamaza. Shirika nililokuwa nafanyia kazi lilipunguza watu, na mimi nikawa mmoja wa waliopunguzwa. Nilichobaki nacho ni binti yangu Hyasinta, na kibarua cha kumfundisha Kiswahili mke wa Mzungu wa mradi wa visima pale Musoma. Wiki ile nilikomea pale Felisian, fundi wa pampu katika mradi huohuo, kijana wa Kiriba, alipoleta ng'ombe kumposa Hyasinta.

Kuna wanaouliza mbona nasimulia bila kulia. Sijui niwajibu nini. Zamani nilikuwa nalia. Siku hizi jambo likinifika nalitazama tu, nikilimaliza kulitazama naenda kuchota maji.

Mzungu mwenyewe aliitwa Joost, Mholanzi, mhandisi. Mkewe Annelies. Hawakuwa na mtoto wala ndugu karibu, na Musoma ya mwaka ule haikuwa na pa kwenda. Basi kila Jumamosi jioni walitoa maboksi ya michezo. Karata, dadu, na mchezo mmoja wa kununua mitaa na kujenga hoteli. Mji mzima ulikuwa unasaka sabuni, sisi pale mezani tunanunua hoteli.

Wachezaji tulikuwa wanne: wao wawili, mimi, na Alawi, fundi cherehani aliyewashonea mapazia. Alawi alikuwa rafiki wa Bernado, kwa hiyo ananiita shemeji, na shemeji hana siku ya kupumzishwa.

"Shemeji umenunua stesheni ya treni. Musoma reli haijafika, wewe unayo ya kwako."

"Lipa nauli, Alawi."

"Nitakushonea gauni."

"La mwaka jana hujalimaliza."

"Lile nasubiri unenepe."

Annelies alicheka hata pale asipoelewa. Nilikuwa nakwenda kwa sababu kule chai ilikuwa na sukari, na kwa sababu nyumbani nilikuwaga natazama ukuta.

Ng'ombe walipopokelewa, nilimwita Annelies jikoni kwake nikamwambia wazi.

"Jumamosi ambayo Felisian atakuja, mimi sitakuja."

"Kwa nini?"

"Sasa ni mkwe wangu. Mama mkwe na mkwe hawakai pamoja. Hawali pamoja, hawashikani mikono, hawalali chini ya paa moja."

"Amekukosea?"

"Hajanikosea."

"Basi humpendi."

"Nampenda. Ni kijana mzuri."

"Lakini hutaki kumwona."

"Ndiyo."

Alinitazama kwa huruma. Kwao mtu humkwepa mwenzake kwa sababu ya ugomvi, sababu nyingine hawana. Akaniwekea mkono begani.

"Pole, Mama Hyasinta. Mimi nitasaidia."

Nilimwambia hakuna cha kusaidia. Nikamwambia na hili, polepole, mara mbili: heshima hiyo ikivunjwa, posa inasimama mpaka kondoo achinjwe, na siku hiyo baba wa binti lazima awepo ashike kamba ya kondoo kwa mkono wake. Bila baba hakuna kondoo, bila kondoo hakuna ndoa. Na baba wa binti yangu unajua aliko.

"Naelewa," alisema Annelies. "Mna maumivu mengi."

Nikarudi mezani kumdai Alawi nauli.

Wiki iliyofuata akasema twende Bunda Jumapili, kula chakula ufukweni na rafiki zao, Daktari Wim na mkewe, waliokuwa wanakaa Nyasura. Twende mapema turudi mapema, maana siku zile Jumapili ikifika saa nane mchana gari binafsi lilikuwa haliruhusiwi barabarani. Mafuta yalikuwa ya shida, na polisi walikuwa hawana utani. Gari la Joost lilishaonywa.

Joost aliendesha, Annelies pembeni yake, mimi na Alawi kiti cha kati. Kwenye njia panda Landrova ikakata kona kuelekea Butiama.

"Bunda si huko," nilisema.

"Kuna mgeni," alisema Annelies. Alikuwa amefurahi kama mtoto aliyeficha kitu mgongoni.

Mgeni alikuwa amesimama kando ya pampu aliyoitengeneza wiki nzima, amevaa shati safi, na begi la vifaa. Felisian aliona kanga yangu dirishani akageuka palepale, kama aliyesahau kitu ndani. Mimi nikajifunika uso.

"Alawi, mwambie Bwana Joost anishushe."

"Hapa shemeji? Hapa kuna mihogo tu."

"Hapahapa."

"Hapana kushuka," alisema Annelies. "Leo ni siku ya amani."

Joost akashuka, akamshika Felisian mkono, akamwingiza kwa mlango wa nyuma. Kijana akakaa katikati ya vikapu na dumu la maji, ametupa kisogo, anatazama tulikotoka. Gari likaondoka.

"Mzee Alawi," Felisian alisema kutoka nyuma, "mwambie mama sikujua. Niliambiwa ni kazi. Ningejua ningebaki na pampu yangu."

"Mwambie nimesikia," nilisema.

"Anasema amesikia," alisema Alawi. "Leo nimekuwa posta. Stempu atalipa nani?"

Annelies aligeuka akatutazama mmoja mmoja, akamwambia mumewe kitu kwa lugha yao. Alawi akaniinamia. "Shemeji, nadhani anasema mmeanza kuongea."

Ufukweni daktari na mkewe walikuwa wameshapanga viti vya kukunja na sangara wa kukaanga. Felisian alichukua sahani akaenda kulia nyuma ya jabali. Mimi nilikaa nimeyapa maji mgongo, natazama mbuzi wa watu. Samaki alikuwa mzuri. Nakumbuka hivyo kwa sababu sikumbuki kusikia kitu kingine.

Tulipomaliza kula Annelies akapiga makofi. Mchezo. Alikuwa na vitambaa, mabaki ya pazia alilomkatisha Alawi. Watu wawili wawili, unafunga mguu wako na mguu wa mwenzako, mnakimbia mpaka kwenye mti na kurudi. Joost na mke wa daktari. Daktari na Alawi. Kisha akanitazama mimi, akatazama jabali.

"Mama Hyasinta na Felisian."

"Mimi sifungwi mguu na mkwe wangu."

"Ni mchezo tu."

"Kwenu."

"Sawa. Bila mguu. Mpeane mikono. Mara moja, halafu twende nyumbani."

"Hapana."

Basi akaenda kwenye Landrova, akachomoa ufunguo, akautia ndani ya blauzi yake, kifuani. Akakaa chini kwenye mchanga. Joost alicheka kwanza. Halafu akamsemesha kwa sauti ya chini. Yeye akatikisa kichwa.

"Bibi," alisema Alawi, na sasa alikuwa hacheki, "hili ni jambo zito."

"Ugomvi wote ni mzito," alisema Annelies. "Mama yangu na kaka yangu hawakuongea. Miaka. Mama akafa. Mimi nilikuwa katikati, nilinyamaza. Sasa sinyamazi."

Kiswahili kile nilimfundisha mimi. Kilikuwa kizuri. Nikamwelewa kabisa, na kuelewa kwangu hakukumsaidia mtu.

Sauti ikatoka nyuma ya jabali. "Mzee Alawi, mwambie bibi, kama anataka mkono wangu aje aukate, aupeleke yeye mwenyewe."

"Hiyo siitafsiri," alisema Alawi.

Tukakaa. Daktari akamega mkate hakuula. Nilimweleza Annelies tena, kuanzia mwanzo, habari ya ukwe na kondoo na kamba. Alinisikiliza hadi mwisho, machozi yanamlengalenga, akaniuliza, "Lakini moyoni una hasira gani naye?" Nikakung'uta mchanga kwenye kanga. Mtu akishaamua kwamba unalia, hata ukikausha nguo anaona machozi.

Aliyemaliza mambo ni mke wa daktari. Alisogea, akaingiza mkono kwenye blauzi ya mwenzake bila kuomba, akatoa ufunguo. Lakini daktari alikuwa ameshatazama saa.

"Saa nane imepita," alisema. "Kurudi Musoma haiwezekani. Polisi wapo hapo barabarani Bunda. Twende kwangu Nyasura kwa njia ya ndani. Nyumba ni kubwa, mtalala wote."

Mtalala wote. Paa moja.

"Mimi nina ndugu Kabasa," nilisema. Nikafunga kanga kiunoni, nikachukua kikapu changu, nikashika njia ya mashambani. Annelies aliniita. Nilisikia Alawi akimwambia, "Mwache, bibi. Anakwenda kuiokoa ndoa ya watoto."

Tereza ni mtoto wa mama yangu mdogo, mfanyabiashara wa dagaa, mjane, mdomo haumpumziki. Ndiye aliyebeba maneno ya posa kati yetu na watu wa Kiriba. Nilifika jua halijazama.

"Dada, umekuja kwa miguu Jumapili? Nani kafa?"

"Hakuna. Nipe pa kulala."

"Umekonda. Bernado kaandika?"

"Tereza, nipe pa kulala."

Alinipa ugali na furu, visamaki vya ziwani, akanipa kitanda chake. Nilikula, nikalala kabla hajawasha taa. Sikuota kitu.

Asubuhi nilitoka na kopo la maji kunawa uso. Mlango wa jikoni ukafunguka. Akatoka Felisian, viatu mkononi.

Tuligeuka kwa pamoja. Mimi nikatazama ukuta wa nyumba, yeye akatazama ukuta wa jiko. Tereza akaja anakimbia, kanga moja.

"Dada usikasirike. Alikuja wewe umeshalala. Daktari alimwambia umekwenda kusalimia tu, utarudi kulala Nyasura. Akaona akuachie nyumba. Sasa Bunda nzima anamjua nani? Ananijua mimi. Nimemlaza jikoni, na jiko ni nyumba nyingine."

Hapo ndipo nilipoinua macho.

Zamani jiko la Tereza lilikuwa nyumba nyingine kweli. Lilikuwa la nyasi, limesimama peke yake uani. Lakini mwaka ule mabati yalikuwa yameanza kuonekana madukani, na Tereza, dagaa zake zilipomwendea vizuri, aliezeka. Aliezeka nyumba, akapitiliza, akavuka ua, akaezeka na jiko.

"Hili bati umeliunganisha lini?"

"Kabla ya mvua za juzi. Nilikuwa nataka kuni zisilowe." Naye akatazama juu. Taratibu akakaa kwenye kinu. "Yesu wangu."

Felisian alikuwa ameshaelewa. Alivaa viatu bila kufunga kamba. "Mama Tereza, mwambie mama mimi sitasema. Lakini nikiulizwa sitakataa."

"Mwambie na mimi hivyohivyo," nilisema.

Akaondoka kwa njia ya nyuma. Laiti angeondoka mapema kidogo tu. Landrova ilikuwa imeshasimama mbele ya nyumba, Annelies ameshashuka, na alikuwa ameona yote: kijana katoka jikoni, mimi nimeshika kopo la maji, uso haujakauka. Hakupiga makofi safari hii. Aliweka mikono kifuani.

"Mmelala nyumba moja," alisema. Alinikumbatia. "Nimefurahi sana. Sana."

Alawi, aliyewaonyesha njia, alikuwa ndani ya gari. Alitazama bati, akatazama mbele.

Siku za katikati ya wiki nilifundisha kama kawaida. Nilimfundisha Annelies majina ya mboga. Nilifikiri, kama tukinyamaza mimi, Felisian, Tereza na Alawi, huenda likapita. Alhamisi Alawi akaja nyumbani kwangu na lile gauni, amelimaliza. Nikajua kuna jambo.

"Shemeji, nilikuwa ofisini kwao nafunga mapazia. Mzee Masatu alikuja kuulizia kisima cha Kiriba."

Mzee Masatu ndiye baba yake Felisian.

"Bibi akamkimbilia. Akamwambia, mzee, nina habari njema. Mwanao na Mama Hyasinta wamepatana, wamelala nyumba moja Kabasa, mimi mwenyewe nimeona."

"Mzee akasema nini?"

"Akasema asante. Akavaa kofia."

"Halafu?"

"Akapanda baiskeli."

"Kwenda Kiriba."

"Hapana shemeji. Alishika barabara ya Bunda."

Nilipokea gauni. Lilinienea.

Jumamosi alasiri Mzee Masatu akaja. Hakutuma mtu. Hyasinta alimwekea kiti, akapiga goti, akaenda nyuma ya pazia, na nilijua yuko hapohapo kwa sababu pazia lilikuwa linapumua.

"Mkwe, natoka Kabasa."

"Karibu, mkwe."

"Niliazima ngazi. Nimepanda."

"Umeona nini?"

"Bati ni moja. Limetoka nyumbani mpaka jikoni, halina mahali lilipokatika. Nilipapasa kwa mkono maana macho yangu si ya kuamini."

"Hatukuonana mpaka asubuhi."

"Sikuja kuuliza kuonana. Nilikwenda kutazama paa."

Kuku aliingia, akatoka. Mzee alisubiri atoke.

"Kondoo natoa mimi," nilisema.

"Kondoo si shida. Hata mimi ninaye. Nani atashika kamba?"

"Bernado hayupo."

"Najua. Mlete."

"Hataki kuja. Nimetuma watu, hataki. Nitashika mimi."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lilikuwa baya, maana mwenye hasira unaweza kusubiri ipoe.

"Mama Hyasinta, wewe ndiye uliyelala. Utajishikiaje kamba mwenyewe?"

Alikuwa na haki.

"Basi ng'ombe watarudi," alisema. "Sina ubaya na wewe. Binti yako nilikuwa nimeshampenda."

Pazia likafunguka. Hyasinta akatoka, ameshavaa viatu, nguo zake kazifunga kwenye shuka.

"Baba," alimwambia Mzee Masatu, "ng'ombe warudi tu. Mimi nakwenda kwa Felisian hivihivi, kwa miguu yangu."

Nilisimama. Nikawa mlangoni kabla sijajua nimefikaje, mkono mmoja huku, mwingine kule. Msichana anayejipeleka, kwetu hana wa kumtetea. Akipigwa hana nyumba ya kukimbilia, akifukuzwa hakuna wa kuuliza kwa nini. Wanamwita yule aliyejileta, na jina hilo linamfuata mpaka kwa watoto wake. Mimi nilitolewa kwa ng'ombe na mashahidi, na bado tazama nilivyoachwa. Yeye angekuwa na nini?

"Mama, nipishe."

"Rudi ndani."

"Ndani kuna nini?"

Honi ikalia nje. Jumamosi jioni. Landrova ilikuwa imesimama usoni kwangu, Annelies dirishani, boksi la mchezo wa mitaa mapajani, anapunga mkono. Kwenye usukani Joost. Na kiti cha kati, amezama, kofia imemfunika macho, Felisian, bila shaka kaambiwa tena ni kazi.

"Mama Hyasinta," aliita Annelies, "leo tumekuja kukuchukua. Wote pamoja."

Ningeweza kujifunika. Ningeweza kugeuka, lakini nikigeuka nampa binti njia. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye miimo ya mlango, na kanga ilikuwa imeteleza mabegani. Nilitafuta hasira, au hata aibu. Nilisikia tu mbao chini ya viganja vyangu, kavu, zinahitaji kupigwa msasa.

"Nipishe, mama," alisema Hyasinta nyuma yangu. Sasa alikuwa analia.

Mlango wa gari ukafunguka. Felisian akashuka. Akavua kofia. Alikuja mpaka karibu kabisa, akasimama, akaniangalia usoni kama mtu mzima anavyomwangalia mtu mzima mwenzake.

"Mama," alisema.

Hakumwita Alawi wala hakumtafuta Tereza. Aliniambia mimi, kwa mdomo wake, mbele ya baba yake, na heshima ya ukwe ikaishia hapo.

"Mama, mwachie apite."

Nyuma yangu nilisikia kiti kikisogezwa. Mzee Masatu alikuwa anasimama.